Kete Moja, Mzigo Mmoja

Felisiani Lyamba hakuwa mtu wa kukaa. Pale Sitalike walimjua kwa hilo kabla hawajamjua kwa useremala wake. Kanisani hakumaliza mahubiri bila kutoka nje. Msibani alihama mkeka hadi mkeka. Ukimpa kiti na chai, chai ataimalizia mlangoni, amesimama, anaitazama barabara ya Mpanda utadhani kuna gari analisubiri. Gari gani! Hakuwa na safari wala mgeni. Watu walisema ndivyo alivyoumbwa. Mkewe Dafrosa alikataa: hakuumbwa hivyo, jeshi ndilo lililomrudisha hivyo.

Na kweli, jeshi lilikuwa na mkono wake. Vita ya Kagera ilimkuta mpishi wa jeshi. Siku moja alipeleka chai kwenye hema la maofisa akawakuta wameinamia meza ya mchanga. Vilima vya mchanga, mto wa utepe wa bluu, na vijiti vya kiberiti ndivyo vikosi. Ofisa mmoja anasukuma kijiti, mwingine anabisha, kijiti kinarudi. Felisiani alisimama na birika lake mpaka akafukuzwa. Kesho yake aliwaona watu wazima, wenye majina na wake zao, wakipita palepale kijiti kilipopita. Tangu siku hiyo akawa na swali lisilomwacha: na je, wangepita kule?

Alirudi nyumbani na swali hilo. Akachukua ubao mpana wa mninga, ambao mteja alikuwa ameuagizia mlango, akauchora nchi yao kwa chuma cha moto. Mwenye mlango alisubiri, akalalamika, mwisho akatundika gunia. Mto Katuma aliutia bluu ya kufulia. Misitu akaitoboatoboa kwa msumari. Katikati akaweka boma la miiba, lenye lango moja na upenyo mdogo wa kuchotea maji. Hakuchora vita ya Kagera, hiyo hakuitaka hata kuitaja. Alichora vita ya zamani, ya ruga-ruga, wale vijana wa magobore waliozunguka nchi hii enzi za watemi, kabla ya Mjerumani, wakizingira maboma mpaka waliomo ndani wafe njaa au wafungue.

Boma alilipa jina la kutunga, Kasanda. Aliwahi kuliita kwa jina la kweli, wazee wa koo mbili wakataka kushikana mashati, kila mmoja akidai babu yake ndiye aliyelinda lango na babu wa mwenzake ndiye aliyelifungua. Maana aliwatafuta wazee, jamani! Jumapili yuko juu ya baiskeli, leo Usevya, wiki nyingine Sibwesa, anauliza walipigana vipi, walikula nini, baruti ilitoka wapi. Ilifika mahali wazee wa Usevya wakiiona ile baiskeli inakata kona, mmoja anajilaza na kujifanya ana homa.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Kete nyekundu za mninga ni ruga-ruga, kete nyeupe ni watu wa boma. Chakula ni punje za ulezi, ulezi kwelikweli, na kila kete ikipata zamu yake lazima ile punje moja, isiyokula inaondolewa. Dadu alilichonga kwa mfupa wa ng'ombe. Ndani ya boma kulikuwa pia na vikete vidogo, kama punje za njugu, alivyoviita vichanga. Hivyo havitembei, mpaka vibebwe. Mvua zikiisha, yaani zamu zilizopangwa zikitimia, watu wa boma wanahesabiwa, na wakibaki hai zaidi ya nusu, wameshinda.

Sheria alizibadilisha kila mwezi, mapigano alikuwa akiyapima upya hata katikati ya chakula, kijiko mkononi. Sheria moja tu hakuigusa: kete moja, mzigo mmoja. Ukibeba ulezi hubebi baruti, ukibeba baruti hubebi kichanga. Hiyo aliijua mwilini mwake. Mtu aliyechoka, anayekimbizwa, hana mikono miwili, ana mmoja.

Basi mchezo upo, ubao upo. Tatizo likawa mtu wa kukaa upande wa pili.

Kucheza peke yako mchezo wa wawili ni kama kujinyoa kisogo. Unaweza, ila hujui umefanya nini. Felisiani alikuwa ruga-ruga asubuhi, mtemi wa Kasanda mchana, na kila upande ulijua siri ya mwenzake. Kila mara boma lilianguka. Watu wa boma walitoka kwa ule upenyo wakiwa wamebeba vichanga, wakaingia msituni, wakafa njaa wote. Alitaka mtu mmoja tu. Si mwanafunzi, si mtazamaji. Mtu mwenye kichwa chake, atakayefanya jambo ambalo yeye hakulifikiria.

Alimwomba katekista Nathanael. Akakaa, mtu wa watu, akauliza ruga-ruga wanafanyaje wakishinda. Aliposikia wanachoma boma alisimama akasema yeye hawezi, Kwaresima imekaribia. Akamwomba Shadrack, askari wa hifadhi. Huyo alikaa, akauliza wanawekeana nini, soda au bia, na aliposikia hawawekeani kitu akasinzia palepale na dadu mkononi. Wacheza bao wa stendi walicheka mpaka wakakohoa. "Yaani kete inakula? Fundi, sisi wenyewe hatujala!"

Zaidi ya wote alimwomba mkewe. Dafrosa ni wa hukohuko Usevya, wa kabila la Wapimbwe, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyolala. Jibu lake halikubadilika mwaka hata mwaka.

"Baba Edgar, tafuta mwenzio."

Na akifagia, alifagia kuuzunguka ule ubao bila kuugusa. Felisiani alimwona, ikamuuma. Alidhani ni dharau. Moyoni alijiambia: huyu ananiona mtu mzima ninayechezea njugu. Akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akatoka tena.

Sasa, wanasema penye miti hapana wajenzi, lakini penye mtu anayeinama kibarazani akinong'ona majina ya watemi waliokufa huku akimwaga mifupa na nafaka juu ya ubao uliochomwachomwa, hapakosi wa kusema. Wageni waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini hawakuwa na neno jingine la kitu kile. Kwao, na tuseme ukweli hata kwa wenyeji, mtu akirusha mfupa na kusoma nafaka anapiga ramli. Lakini walisema chinichini, na Felisiani hakuwa mtu wa kukaa mahali muda wa kutosha kusikia.

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kiangazi kikali, Ngolo aliibiwa ng'ombe. Ngolo alikuwa Msukuma mfugaji, mtu mpole, mwenye zizi upande wa juu wa barabara. Alifika kibarazani, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya ubao.

"Fundi," akasema, "wamepita wapi?"

Mtu mwingine angeuliza: mimi nitajuaje? Felisiani aliona kitu kimoja tu. Kuna mtu amekaa upande wa pili! Moyo ukamruka. Akavuta ubao, akaweka kete kadhaa nyekundu mahali ambapo lingekuwa zizi la Ngolo, akaanza kuzisogeza kwa furaha. "Ruga-ruga wenye mifugo hawapiti milimani, unaona? Mifugo inataka maji. Barabarani wataonekana. Kwa hiyo watafuata Mto Katuma, na jua hili maji yamebaki kwenye mabwawa ya viboko tu. Mimi ningewaficha hapa." Akagonga ubao kwa kidole. "Haya, sasa zamu yako. Wewe ungefanyaje?"

Ngolo hakuwa na zamu. Alishaondoka mbio. Na ng'ombe wakapatikana, wote, palepale kidole kilipogonga.

Lo! Kwa majuma kadhaa Felisiani alikuwa mtu mkubwa. Alipata kuku. Alipata asali. Walikuja wa mume aliyetoroka, wa bahati ya kuchimba dhahabu, wa mimba isiyoshika. Kila mmoja alichuchumaa upande wa pili wa ubao, na kila mara seremala aliinua uso kwa tumaini na kuuteremsha. "Huu ni mchezo, mama. Mchezo! Kaa nikufundishe." Wakatazamana. Mganga anayekataa kazi ana kubwa analolitaka, wakasema.

Kisha Ngolo akaibiwa tena. Akaja, akachuchumaa. Felisiani alishachoka na watu wa ramli, akamfukuza kwa maneno makali ambayo baadaye aliyajutia. Ng'ombe hawakuonekana. Ngolo, mtu mpole yule, akarudi kwake akifikiri, na hesabu aliyoifikia ilikuwa rahisi, kila mtu pale angeifikia. Anayejua ng'ombe walipo ni aliyewaficha. Mara ya kwanza alisema kwa kuwa alitaka sifa. Safari hii hasemi, maana amewauza.

Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zililia asubuhi, na kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa mbele ya ghala la tumbaku, watu wa pinde na mishale wamejipanga, ubao umewekwa barazani watu wakiuogopa kama nyoka. Kamanda wao aliitwa Mwandu, mzee mkavu asiyependa kelele. Adhabu ya sungusungu kila mtu aliijua. Si fimbo; fimbo zinapoa. Ni kutengwa. Usisalimiwe, usipewe moto, usiuziwe chumvi, ukifiwa uzike mwenyewe. Felisiani alilisikia neno hilo, na mguu wake ambao hautulii ukaanza kupiga ardhi. Maisha yake yote alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kukaa naye. Sasa walitaka kumwondolea wote.

"Ni mchezo," alisema. "Jamani, nyie mnanijua. Ni mchezo tu."

Mwandu alifikiri. "Mchezo una watu wawili," akasema. "Huu wako unachezwa na nani?"

Katekista alitazama viatu vyake. Shadrack akageukia ukuta. Nani angethubutu kuugusa ubao ule mbele ya kijiji, kisha atengwe pamoja naye? Felisiani aliwatazama mmoja mmoja, aibu ikampanda mpaka masikioni. Kweli hakuwa na jina la kutaja.

"Na mimi."

Dafrosa alipita katikati ya watu wa pinde, akafunga kanga vizuri kiunoni, akaketi chini upande wa pili wa ubao.

"Mama Edgar, hujui sheria," mumewe akanong'ona.

"Nimelala pembeni ya sheria zako miaka yote hii. Panga."

Mwandu aliinua mkono. "Dadu atarusha Ngolo mwenyewe, asirushe fundi. Na huyu mama akae kwenye boma. Tuone."

Felisiani si mjinga. Alijua kwamba akishinda watasema dawa imeshinda. Ilimpasa ashindwe, ashindwe vizuri, haraka, wamwone bwege waende zao. Aliapa hivyo moyoni. Zamu ya kwanza alisogeza vibaya makusudi. Ya pili pia. Ya tatu Dafrosa aliilinda njia ya maji kwa namna ambayo hajawahi kuiona, na, Mungu amsamehe, mtu yule akasahau. Akasahau pinde, akasahau kutengwa. Akainama. Mguu ulitulia. Akaleta kete nyekundu kutoka msituni, akafunga lango, akaona punje za ulezi za boma zinapungua, akacheka peke yake. Sasa tu, alijua, sasa mkewe atawatoa kwa upenyo wamebeba vichanga, wataingia msituni, njaa itamaliza kazi.

Dafrosa alikaa muda mrefu bila kusogeza kitu. Ngolo alishika dadu mpaka likapata jasho. Kisha mwanamke yule akaanza kuwatoa watu wake. Mmoja, wa pili, wa tatu, kwa ule upenyo, pembezoni mwa mto. Felisiani alihesabu mizigo yao, akahesabu tena. Ulezi. Kila kete ilibeba ulezi. Vichanga alikuwa amevipanga ndani ya boma, karibu na lango, vimebaki.

Aliwafukuza msituni, lakini wana chakula, wanakwenda. Ruga-ruga wake waliingia bomani wakakuta ghala tupu. Zamu moja, mbili, wakaanza kuondolewa kwa njaa, kete nyekundu baada ya kete nyekundu. Mvua zikaisha. Wakahesabu. Watu wa Kasanda walibaki zaidi ya nusu.

"Nani ameshinda?" Mwandu akauliza.

"Mke wangu," alisema Felisiani. Alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, na sura ile ndiyo iliyomwokoa kuliko neno lolote. Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Mwingine akapaza sauti, "Mchawi gani anafungwa na mkewe!" Kijiji kikaangua kicheko, hata Ngolo akafunika uso kwa kofia. Mtu anayechekwa vile hawezi kuogopwa. Mwandu alisubiri wacheke wachoke, akasema watu watawanyike, ng'ombe watafutwe kwa miguu si kwa mdomo.

Njiani kurudi nyumbani Felisiani hakutembea, alirukaruka. Mara yuko mbele ya mkewe, mara kando, mara anatembea kinyumenyume ili amwone usoni. Furaha ilimtoka kama maji ya mfereji uliopasuka. Si ya kuachiwa, hapana. Alikuwa amefungwa! Kafungwa na mtu mwenye kichwa chake!

"Uliwaacha!" alisema. "Vichanga, uliwaacha wote ndani! Mimi miaka nenda rudi nawabebesha, wanakufa, nawabebesha, wanakufa. Sikuwahi kufikiria kuwaacha. Akili gani hiyo, Mama Edgar? Umeitoa wapi?"

Dafrosa alizidi kutembea mpaka nyumbani. Alishusha ubao alioubeba kichwani, akaulaza kibarazani polepole, akaketi karibu nao.

"Bibi mzaa mama alikuwa ndani ya boma," akasema. "Si hilo lako la kutunga. La kweli. Ulezi ulipokwisha walitoka kwa njia ya maji. Alikuwa na watoto wawili wanaotembea na mmoja wa mgongoni. Akafunga ulezi mgongoni."

Felisiani alisimama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mahali pa kwenda.

"Wale wawili walipona. Mmoja wao ndiye mama mkubwa, dada yake mama. Mama alizaliwa baadaye, na bibi hakumbeba mgongoni hata siku moja, alimpakata tu. Watu walimcheka, hawajui." Alifuta uso kwa kanga. "Umekwenda Sibwesa na baiskeli kuuliza watu walipigana vipi. Mimi nakusikia kila jioni: kete moja, mzigo mmoja. Kete moja, mzigo mmoja. Sikukataa mchezo wako kwa kuwa siujui, Baba Edgar."

Aibu ilimshika Felisiani pabaya kuliko ya ghalani. Alitaka kusema pole, neno likawa dogo. Akakaa. Alikaa chini kabisa, miguu imekunjwa, upande wake wa ubao, na hakuinuka.

Dafrosa alinyoosha mkono akaokota kichanga kimoja, akakigeuza kwenye kiganja.

"Weka sheria kete ibebe miwili," akasema. "Ulezi na mtoto. Nitacheza."

Felisiani aliuona mchezo wote kwa mara moja, kama fundi anavyoliona kabati litakaloanguka. Wakibeba miwili boma halitaanguka kamwe. Ruga-ruga hawatashinda hata wapate bahati ya dunia nzima. Kazi yote ya miaka ile itakuwa imekwisha, hakuna vita tena pale, hakuna swali.

"Haitakuwa kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," akajibu Dafrosa. "Haitakuwa kweli."

Felisiani akazipanga kete. Nyekundu msituni, nyeupe ndani, vichanga karibu na lango, punje za ulezi ghalani. Wakacheza mchana ule mpaka jua likaelekea kuzama. Dafrosa aliwatoa wote kwa njia ya maji, kila mmoja na ulezi wake na mtoto wake, hakumwacha hata mmoja, na Felisiani akafungwa vibaya sana.

"Tena," alisema Dafrosa, na akaanza kuzipanga mwenyewe.